Ndege ya wagonjwa tunayoichangia: maoni ya mweka hazina kutoka Tanga

Kwa nyie mnaoniuliza kila siku kuhusu ile huduma ya ndege ya wagonjwa tunayoichangia na wenzangu hapa Tanga, naandika mara moja tu basi, mana kujibu mmoja mmoja vidole vimechoka. Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeiondoa makusudi na nitasema kwanini. Jina la shirika silitaji, kuna mahali nitawasema na sitaki kesi na mtu, nachoweza kusema ni shirika dogo la kanda, linaishi kwa michango na kadi za uanachama.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha tuliosoma pamoja. Wengi wetu tuko Ngamiani, Makorora na Chumbageni, wengine Muheza na Korogwe, wachache wamekimbilia Dar na nje huko. Kazi yetu ni misiba, harusi na mtu akilazwa. Kwahiyo hela za watu nazijua jamani, nawajua wanaochelewesha elfu tano miezi mitatu alafu wanakuwa wa kwanza kuuliza mahesabu yako wapi. Ndomana wazo la kuchangia ndege lilipoletwa, tumekaa zetu tunakula chuda, mimi nilikuwa wa kwanza kukunja uso. Mjomba mmoja wa pale barazani hata hakusubiri tumalize, akasema "Ndege hiyo ya watalii wa Saadani na mabosi wa mkonge, sie tukianguka tunabebwa na Noah." Tukacheka, lakini swali lake ndo swali lenyewe, na ndilo nimelitumia kuwapima hawa watu tangu siku ile: asiye na kadi, asiye na hela, anabebwa au habebwi?

Kwanza niwaeleze inavyokwenda mana wengi mnachanganya. Kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni kadi ya mwaka, unalipia wewe au familia yako, ikitokea dharura na daktari akathibitisha kwamba hali yako inahitaji ndege unabebwa bila kudaiwa nauli. Mlango wa pili ni mchango, hapo hununui kitu chako, unaweka hela kwenye mfuko wa wale ambao hawana kadi. Na hii sio bima ya matibabu, tafadhali shikeni hilo. Ndege inakufikisha hospitali, ikishakufikisha bili ya hospitali ni yako na bima yako kama unayo. Kuna dada kwenye grupu letu alikuwa anataka aache kulipia bima ya afya eti kwasababu ana kadi ya ndege, nikamwambia shoga usije ukajiua.

Alafu ndege haiitwi na wewe kama unavyoita bajaji. Unaweza kupiga simu, watakusikiliza, ila watataka kuongea na daktari au tabibu aliyemshika mgonjwa, watauliza presha ngapi, anapumua vipi, ana fahamu au hana, rufaa inaenda wapi na huko wanakomwita kitanda kipo. Hapo watu wengi wanapandwa na hasira, "mgonjwa anakufa nyie mnauliza maswali!" Hata mimi nilidhani ni urasimu. Lakini fikiria, ndege ikishapaa na mtu asiyestahili kupaa, au ikafika Dar na hospitali haina nafasi, umemsaidia nini? Na ndege ikiwa imeenda kwa mgonjwa mmoja, wa pili anayeihitaji kweli anasubiri.

Sasa kwa mjomba na wenzake wanaosema haya mambo ni ya kizungu. Wazungu wamo, hatukatai, lakini sehemu kubwa ya historia hii imetokea huku huku kwetu. Flying Doctors ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wazo lenyewe walilizungumza kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huyo McIndoe ndo yule aliyewatengeneza sura marubani wa Uingereza walioungua vita ya pili ya dunia. Waliona vijiji viko mbali na hospitali, barabara hakuna, wakasema daktari apande ndege aende yeye. Hiyo ndo Amref mnayoisikia leo, na ndege zao mpaka sasa makao yake ni uwanja wa Wilson, Nairobi, wana uanachama wao wa mwaka wanauita Maisha. Na hata wao hawakuwa wa kwanza duniani, Australia walianza 1928 pale Cloncurry, mchungaji mmoja John Flynn alihangaika kutafuta hela mpaka wakakodi ndege kutoka Qantas, ile ile Qantas ya abiria. Yaani toka mwanzo kabisa ndege ya wagonjwa imekuwa ni kitu cha watu kuchangishana.

Mtoto wa mama yangu mdogo anaishi Leicester, huyo ndo aliyetuletea hili wazo. Anasema kule Uingereza helikopta nyingi za wagonjwa sio za serikali, ni mashirika ya hisani, ya kwanza ilianza Cornwall mwaka 1987, London wakafuata 1989, na mpaka leo zinaendeshwa na watu wanaokimbia mbio, wanaouza nguo za mitumba madukani, wanaoacha urithi. Hata Prince William aliwahi kuwa rubani wa moja ya hizo, East Anglian Air Ambulance, toka 2015 hadi 2017, na mshahara wake akautoa sadaka. Hapo grupu likachangamka, "kumbe mwana wa mfalme!" Ila aliposema njia yao kubwa ya kupata hela ni bahati nasibu ya kila wiki, unatoa pauni moja unaweza ukashinda, jamani! Ustadhi wetu akaandika meseji ndefu mpaka simu ikaganda. Kamari ni kamari hata kama inabeba mgonjwa. Wakabishana hadi usiku wa manane. Mwisho nikasema sie hatuna bahati nasibu, sie tunatoa sadaka hatusubiri kushinda kitu, tumalizane. Na kweli shirika letu hili halina hayo mambo, ila nimewaandikia kuwaomba wasije wakathubutu, wakileta bahati nasibu nusu ya kikundi changu kitaondoka.

Haya tuje kwenye hela, mana hapa ndo penyewe.

Watu wakisikia ndege wanafikiria mafuta tu. Mafuta yapo, na hata hayo yana habari yake. Ndege ndogo za injini ya pistoni kama Cessna 206 zinatumia petroli ya ndege ambayo huku kwetu ni ghali na haipatikani kila uwanja. Zile za injini ya tabo kama Cessna Caravan na Pilatus PC-12 zinakunywa mafuta ya taa ya ndege, haya yanapatikana viwanja vingi. Lakini gharama kubwa ni ya kukaa tayari. Rubani analipwa hata kama simu haijalia. Daktari na nesi wako zamu. Mitungi ya oksijeni lazima iwe imejaa, mashine ya kupumulia lazima ipimwe, dawa zinaisha muda zinatupwa hata kama hazijaguswa. Na injini ina saa zake, ile ya Caravan kwa kawaida ni saa 3,600 za kuruka, zikifika inafunguliwa yote, na bill ya kuifungua ukiiona unaweza ukakaa chini. Kwahiyo kuna hela inatoka kila siku mgonjwa awepo asiwepo.

Hii ndo sababu nimewashauri kikundi tusitoe mchango mkubwa mara moja kwa mbwembwe na kupiga picha na hundi ya kadibodi. Tunatoa kidogo kila mwezi. Wale wa ofisini waliniambia wazi, bora elfu tano za uhakika za kila mwezi kuliko laki mbili za Desemba ambazo hujui mwakani zipo au hazipo, mana mshahara wa nesi hausubiri Desemba. Nikawapenda hapo. Mtu anayeomba hela alafu anakwambia ukweli kwamba usitoe nyingi kwa pupa, huyo ana mahesabu.

Sasa ile nyota niliyoitoa. Mosi, njia ya kulipa. Mwanzoni walikuwa wanataka kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, eti ndo mchango wa kila mwezi. Nani huyo? Mwenzetu mmoja anauza mihogo ya kukaanga pale Mgandini, ana hela yake safi kwenye simu, yuko tayari kutoa, unamwambia ajaze tarakimu za kadi? Tukalalamika weee, ndo ikaja lipa namba. Sasa hivi iko sawa, ila ilichukua muda mrefu mno kwa kitu kidogo hivyo, na nina uhakika wamepoteza wachangiaji wengi njiani.

Pili, meseji zao. Ukishatoa hela inakuja meseji ya Kiingereza kirefu. Mama mmoja wa grupu letu, bi mkubwa wa heshima zake, aliiona akajua ni wale matapeli wa "tuma kwa namba hii", akaifuta na akanipigia kuniambia hela zimeliwa. Nikamwambia hapana bi mkubwa, hiyo ni asante. Akaniuliza, "Asante gani hiyo inatisha?" Hilo mpaka leo hawajarekebisha na ndo hasa lililonifanya niwanyime nyota. Unachangisha watu wa Tanga, mji ambao Kiswahili kimekaa kitako, unamshukuru mtu kwa lugha ya mkopo.

Tatu, ile ripoti ya mwaka. Picha nzuri, karatasi inang'aa, ndege na machweo. Kile nilichokuwa nakitafuta mie, yaani safari zipi zililipiwa na kadi, zipi zililipiwa na wateja wa bima, na zipi zilikuwa za bure kwa wasiojiweza, nilikikuta ukurasa wa mwisho, herufi za kusomea na miwani. Nikawapigia nikasema hii ndo ingekuwa ukurasa wa kwanza. Yule dada wa ofisini anayepokea simu akacheka akasema atawaambia wakubwa zake. Tutaona. Lakini kumbuka waliyajibu maswali yangu yote ya hela, hawakunizungusha, na walinitumia mchanganuo ambao sijawahi kuupata hata kwenye michango ya msikiti.

Nimesema nawapima kwa anayebebwa bila kadi, kwahiyo nikusimulie nilichokiona kwa macho.

Kuna kijana mkwezi wa minazi, shamba liko njia ya Pangani, alidondoka. Wenzie wakafanya jambo la maana sana ambalo watu wengi hatulijui, hawakumnyanyua kwa mikono na miguu wala kumkalisha kwenye pikipiki. Mzee mmoja akasema msimguse, wakang'oa mlango wa banda, wakamlaza hapo wamemshika kichwa kisicheze, wakasubiri gari. Akafika mjini, akapigwa picha, uti wa mgongo una shida, anatakiwa MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Sasa Tanga mpaka Dar kwa barabara unapita Segera na Chalinze ni kama kilomita 350, na unajua ile barabara ilivyo na matuta, kila kijiji tuta, malori ya Horohoro yako mbele yako. Kwa mgonjwa wa mgongo kila tuta ni kesi. Kwa angani ni kama kilomita 200, chini ya saa moja.

Mimi niliitwa uwanjani kwasababu mama yake kijana ni jirani wa dada yangu na hawakujua nani wa kumuuliza nini. Uwanja wetu mnaujua, pale abiria wa Pemba na Unguja wanapopandia zile ndege ndogo. Ndege ikatua, na kitu cha kwanza kilichoshuka hakikuwa machela, alishuka daktari na begi akaenda moja kwa moja kwenye ambulensi akakaa humo ndani na mgonjwa kwa muda mrefu tu. Sie tuko nje tunahaha, mbona hawaondoki? Kumbe ndo kazi yenyewe. Anampima upya, anaangalia dripu, anahakikisha mpira wa mkojo hauvutiki, anamuuliza kijana sogeza vidole vya miguu, hiki unakisikia, hiki je. Ukishapaa huwezi kusimamisha ndege pembeni ya barabara umuangalie.

Alafu ikaletwa godoro la ajabu, sijawahi kuona. Limelegea kama mfuko, ndani lina vipunje. Wakamgeuza kijana wote kwa pamoja, nesi amekaa upande wa kichwa ndiye anayehesabu, moja, mbili, tatu, hakuna anayevuta kabla yake. Wakamlaza, wakalikunja godoro likamfuata umbo, wakaliweka pampu wakanyonya hewa, likawa gumu kama ubao! Limemshika shingo, mbavu, nyonga, hachezi. Yule mama aliyekuwa analia akanyamaza akawa anaangalia tu lile godoro. Ndani ya ndege viti vya upande mmoja vimeng'olewa, machela inateleza inaingia kwa mlango mkubwa wa nyuma inajifunga chini.

Daktari akamwambia rubani asipande juu sana. Nikauliza mana mie sina aibu ya kuuliza. Akanieleza kwamba ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na oksijeni inapungua, na hewa yoyote iliyojifungia mwilini inatanuka, kwahiyo mgonjwa aliyeumia kifua au kichwa wanakuwa waangalifu zaidi, na ndege kama hii ndani yake haina presha ya kutengenezwa kama zile kubwa. Kijana alikuwa ameumia na mbavu pia. Kwahiyo watafuata pwani kwa chini, Pangani, Saadani, Bagamoyo, mpaka Dar, na kule gari iko inasubiri uwanjani.

Mama alitaka kupanda na furushi lake. Nguo, chupa ya chai, sufuria, na mkungu mdogo wa ndizi. Wakapima uzito, wakamwambia mama wewe unapanda, nguo zinapanda, vingine vibaki. Ndizi zikabaki, tukazila sie. Na kuhusu hela, mama yule hakuwa na kadi wala hajawahi kuisikia. Iliandikwa kwenye fomu kwamba imelipwa na mfuko wa michango. Nimeiona kwa macho yangu ile fomu, na ndo siku niliyoacha kukunja uso.

Kijana sasa hivi anatembea na magongo, anauza vocha. Hapandi tena minazi.

Lakini msije mkadhani ndege ndo jibu la kila kitu, mana naona kwenye grupu watu wameanza kutaka ndege kwa kila homa. Kwa mtu wa Tanga mjini, mara nyingi unachokihitaji kiko hospitali ya Bombo na utafika kwa bajaji. Kwa ndugu zangu wa Bagamoyo ndo kabisa, Muhimbili iko karibu kama kilomita 70 kwa lami, mpaka ndege iitwe, iruke, itue, umeshafika na gari labda foleni ikukamate pale Tegeta. Na kule Lushoto, mtu akiumia Mtae, ndege ya mabawa, mana hii sio helikopta, haimfuati kule kwenye majabali, lazima kwanza ashushwe kwa gari kwenye zile kona mpaka Mombo. Kwahiyo ambulensi ya chini na barabara ya chini bado ndo mwanzo wa kila kitu, na usiku kwenye kiwanja kisicho na taa rubani hatui, hata umlie vipi.

Viwanja vyenyewe pia. Kiwanja cha nyasi au changarawe wakati wa masika kinaweza kikawa tope tupu. Wale jamaa wa simu watakuuliza, mvua imenyesha lini, umepita na gari pale juu, tairi limezama? Kuna ng'ombe? Hayo sio maswali ya kipuuzi. Lazima awepo mtu wa kufukuza mbuzi na kuwazuia watoto wasikimbilie ndege inapotua, mana watoto wetu wakiona ndege ni sikukuu, na ile panga ya mbele inapozunguka huioni.

Na kwa mama mjamzito au kichanga, jamani, kabla ya kufikiria ndege yoyote pigeni 115. Ni bure. Hiyo ni m-mama, ilianza kujaribiwa kanda ya Ziwa, Rais Samia akaizindua kitaifa 2022. Ukipiga kuna mtu anapokea, anaangalia ambulensi ya karibu iko wapi, kama haipo anaitwa dereva wa kawaida wa hapo hapo kijijini aliyesajiliwa, analipwa kwa M-Pesa akishamfikisha mama. Naiona ni moja ya vitu vya akili sana vilivyofanyika nchi hii, na inafanana na hili la ndege kwa jambo moja, hakuna anayesimama kumuuliza mgonjwa "una hela?" kwanza. Kuna mtu alinibishia kwamba kama 115 ipo basi ndege ya michango ya nini. Ya wengine! Mkwezi sio mjamzito. Mvuvi aliyelipukiwa na baruti sio kichanga. Mfugaji wa kule Kilindi aliyeumwa na nyoka, yeye atapiga wapi?

Sasa swali mnaloniuliza zaidi, ninunue kadi au nichangie? Maoni yangu, na sio sheria. Kama kazi yako inakupeleka porini, wewe ni dereva wa watalii, unafanya utafiti msitu wa Amani au mbuga ya Saadani, una shamba Kilindi ndani ndani huko, nunua kadi, usifikirie mara mbili. Kama uko Tanga mjini kama mimi, umri wako wa kati, presha ipo ipo, kadi sio mbaya ila uwezekano wa kuitumia ni mdogo. Sie kikundi tuliamua hivi: kila mmoja na kadi yake akitaka, hiyo ni shauri yake na mfuko wake, lakini kikundi kama kikundi tunatoa mchango tu, na mchango wote unaenda kwenye mfuko wa wasio na kadi, tumeandikiana hivyo kwa barua. Ustadhi kasema hiyo ni sadaka isiyo na shaka. Mjomba wa Noah naye anatoa, ingawa kila akitoa lazima aseme "zangu zile za mafuta tu, sio za mshahara wa rubani." Sijui anadhani rubani anakula upepo.

Kitu kingine kilichonifurahisha, wanafundisha. Mara moja moja wanakuja na lile godoro lao na sanamu ya mtu, wanaonyesha watu wa bodaboda na wavuvi namna ya kumnyanyua aliyeumia mgongo, namna ya kuzuia damu, mtu asiye na fahamu alazwe ubavu asipaliwe na matapishi. Bure kabisa. Walikuja mpaka Sahare pale wanaposhusha samaki. Vijana wa boda wanapenda mno, wanagombania kuwa mgonjwa. Kwangu mimi hii ingetosha hata kama hawangekuwa na ndege, mana wale wenzie wa mkwezi waliomlaza kwenye mlango wa banda ndo waliofanya kazi ya kwanza, ndege ilikuja kumalizia.

Basi ukitaka kuchangia, kwa ufupi. Uliza lipa namba kwa ofisi yao yenyewe, usitumie hela kwa namba binafsi ya mtu yeyote hata akikwambia ni wakala wao, na jina likitokea kwenye simu lisome kabla hujaweka namba ya siri. Sema wazi mchango uende mfuko gani, usiposema unaingia kwenye matumizi ya jumla, sio vibaya ila ujue. Weka risiti zako, meseji hata kama ni ya Kiingereza usiifute. Namba ya dharura ni ya usiku na mchana, hiyo usiitumie kuulizia risiti, tafadhali, kuna mtu wa grupu letu alifanya hivyo na nimeona aibu mimi. Ya risiti ni ile ya ofisini, mpigie yule dada asubuhi mana kuanzia saa tisa anafuata watoto shule na hapokei simu ya mtu.